Nyumba Iliyoahirishwa Mara Tatu

Mimi ni mtu wa ratiba. Katika shule yetu hapa Kisumu, kwa miaka kumi na sita, hakuna kengele iliyolia bila mimi kuipangia. Najua Kidato cha Tatu watakuwa wapi Alhamisi saa nne na nusu. Najua mwalimu wa Kemia hujificha wapi kipindi cha mwisho. Ukiniambia kutakuwa na mkutano wa wazazi baada ya miezi miwili, nitakuambia papo hapo ni vipindi vingapi vitakufa. Kwa hivyo ugonjwa uliponijia, naamini ulifanya makusudi. Ungeweza kumchukua mwalimu wa michezo, mtu ambaye hajui hata leo ni tarehe ngapi. Ukanichagua mimi.

Ni ugonjwa wa viungo. Daktari, msichana mdogo tu ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha, alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imechanganyikiwa, na badala ya kupigana na magonjwa inapigana na viungo vyangu. Hauponi, alisema, lakini dawa zinautuliza. Nikamuuliza utakuwa unakuja siku gani. Akacheka. Mimi sikuwa natania, nilikuwa nimeshatoa kalamu.

Akasema hakuna ajuaye. Unaweza kukaa wiki tatu ukiwa mzima kabisa, ukipanda ngazi kama kijana, halafu asubuhi moja unaamka vidole vimevimba, magoti yamegoma, na kifungo cha shati kimekuwa adui yako. Inaweza kuchukua siku moja, inaweza kuchukua siku kumi. Nilitoka pale nimekasirika. Nilijiambia kwamba huyu daktari hajui tu kupanga vitu. Nikanunua daftari kubwa la mistari, la kurasa mia mbili, nikaanza kuutafutia ugonjwa ratiba yake.

Niliandika kila kitu. Nilichokula, mvua, upepo wa ziwani, mwezi umefika wapi, nimelala saa ngapi, mama mkwe amepiga simu au hajapiga. Kwa miezi minne niliwashuku omena, wale dagaa wa ziwani. Nikawaacha, nikavimba vilevile, nikawarudia kwa kuwaomba radhi. Mwishowe nilipata jambo moja lililojirudia bila shaka yoyote: magoti yalikuwa mabaya zaidi siku za mkutano wa walimu. Nikampelekea daktari daftari langu nikiwa nimepiga mstari mwekundu chini ya ushahidi. Akalisoma kwa heshima mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, hiyo hata mimi inanipata."

Na watu nao hawakuniacha. Shangazi alikuja kutoka Port Victoria na chupa ya mafuta ya samaki aina ya mbuta, akaamuru nijipake asubuhi na jioni. Sijui yalifanya nini kwa viungo, lakini paka wa mtaa mzima walinisindikiza shuleni hadi langoni. Jirani yetu, mama wa kutoka Nyeri mwenye duka la misumari na rangi, akaniletea majani yanayowasha, nijichape nayo magotini. Nilijichapa. Kwa siku mbili nilisahau kabisa kwamba nina viungo, kwa sababu ngozi yote ilikuwa inawaka moto. Nilipomlalamikia alisema, si umeona, maumivu ya zamani yameondoka.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonitia hofu ya kweli kilikuwa nyumba.

Kwetu ni Nyakach, si mbali na Katito, na kwetu mwanamume haanzishi boma lake kivyake. Baba yake ndiye humtoa. Alfajiri baba anatangulia, mwana anafuata, mtoto wa kwanza wa mwana anabeba shoka na jogoo, mke anabeba moto. Wakifika, baba anaonyesha mahali, na yeye na mwanawe wanachimba pamoja shimo la nguzo ya kwanza. Nyumba inaanza na kuisha siku hiyohiyo, na jioni mwenye boma anaingia kulala ndani. Haijalishi kwamba ni ya mabati na ina vyumba viwili, ile ya matofali itakuja baadaye. Lakini siku ni moja, haigawanyiki. Na mdogo hamtangulii mkubwa.

Sasa fikiria. Mimi ni kifungua mimba, nina miaka arobaini na saba, na bado nyumba yangu ya kijijini ni kile chumba nilichojijengea ujanani karibu na lango la baba. Nilikuwa nimechelewa kwa sababu za mjini, karo na kodi na uvivu. Baba ana miaka themanini na mitatu. Angefariki, baba mdogo angeweza kunitoa, mila inaruhusu. Lakini mimi nilimtaka baba yangu, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Nilitaka aniambie hapa ndipo pako. Sijawahi kumwambia mtu hivyo kabla ya leo, ila mke wangu, na yeye alikuwa anajua.

Nyuma yangu alikuwa ndugu yangu mdogo. Yeye ni fundi wa nyumba. Amejengea watu kuanzia Ahero hadi Kendu Bay, na mwenyewe alikuwa amebanana na mke na watoto wanne kwenye vyumba viwili katika boma la baba, akinisubiri. Hakuwahi kunigombeza. Alikuwa ananitumia picha tu kwenye simu. Nyumba mpya, paa linang'aa, yeye amesimama mbele na nyundo, na chini ameandika: Hii tumemaliza leo. Nikiona picha yake asubuhi, chai inanikwama.

Mara ya kwanza tulipanga Desemba. Mabati yalikuwa yamefika, mafundi wameitwa, akina mama wameshaloweka maharagwe. Tulikuwa tuondoke Kisumu saa tisa za alfajiri. Nikaamka, nikashusha miguu kitandani, na magoti yalikuwa kama maboga. Nikampigia baba simu. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa maneno, kwa sababu baba ni mtu ambaye hajawahi kukiri kwamba amechoka. Akasema kwa sauti nzito, sawa, tutapanga siku nyingine, akakata. Nikakaa gizani nikijiona mtoto wa hovyo kuliko wote wa Nyakach.

Mara ya pili ilikuwa Aprili, na wakati huo ni mikono. Singeweza kushika mswaki, sembuse kuchimba shimo. Nikampigia. Sauti nzito, sawa, siku nyingine. Mara ya tatu, Agosti, ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu wiki nzima nilikuwa mzima. Sikuwa na uvimbe hata wa kusingizia. Nilifurahi hadi nikafanya ujinga: siku moja kabla nilifua mapazia, nikaosha gari, nikambeba mke wangu nikavuka naye sebule kumwonyesha. Asubuhi sikuweza kugeuka kitandani. Mke wangu alisema mapazia ndiyo yaliyoniangusha, si yeye. Nikampigia baba. Sawa, akasema, na safari hii alikata haraka kuliko zote. Saa moja baadaye ikaja picha kutoka kwa ndugu yangu. Haikuwa ya nyumba mpya. Ilikuwa ya yale mabati yangu, yamelala nyuma ya jiko la mama, na kuku amekaa juu yake amelalia mayai.

Watu huniuliza ni nini kigumu zaidi, maumivu au dawa. Wala si hivyo. Maumivu unayazoea, unayapangia kiti akae. Kigumu ni mtu kukuuliza, "Ijumaa utakuwepo?" Swali dogo tu. Zamani ningejibu kabla hajamaliza. Sasa nilikuwa naogopa Ijumaa, naogopa harusi, naogopa mazishi ya watu ambao hawajafa. Nilianza kuogopa hata siku nzuri, kwa sababu siku nzuri zinakupa ahadi zisizo zao. Nilikuwa nakaa ndani ya siku nzuri nikisubiri mbaya, na kwa njia hiyo zote zikawa mbaya. Mke wangu akachoka. Aliniambia siku moja akipika, bila kugeuka, kwamba ameolewa na mgonjwa na hilo analiweza, lakini huyu mtabiri wa mvua hamwezi.

Desemba iliyofuata nikaja na mbinu. Nitaenda nyumbani siku nne kabla, nitakaa pale pale, na sitafanya lolote. Nilitunzwa kama yai. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ile nyumba yangu ya ujana, na kila aliyepita akiniletea mkono wa salamu nilimpa kiwiko. Mama alinikatia nyama vipande vidogo. Wajomba waliuliza kama nimepigwa kiharusi. Siku ya kwanza mzima, ya pili mzima, ya tatu mzima. Nikaanza kumsifu Mungu kwa sauti ya chini ili ugonjwa usisikie.

Siku ya nne, siku yenyewe, nikaamka vidole vimefungana kama ngumi na goti la kushoto haliambiliki.

Nililia. Nasema ukweli, mwalimu mzima, nililia kwa hasira. Nje nilisikia mafundi wanateremsha mbao, na ndugu yangu anawapangia kazi kwa sauti ya furaha ambayo sijamsikia nayo tangu harusi yake. Nikamwambia mke wangu kwamba safari hii sipigi simu. Nitaenda kumwambia mzee uso kwa uso kwamba amtoe ndugu yangu, mila iniruke, mimi basi. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa baba ni hatua kama arobaini. Mke wangu alinivalisha viatu, na hatua hizo zilinichukua muda wa chai kuchemka na kupoa.

Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti chake, mlangoni. Alikuwa na koti lake la kanisani na kofia, na kiatu kimoja mguuni. Kingine alikuwa amekishika mkononi akikitazama. Nikamsalimu, oyawore, akaitikia. Nikaanza hotuba yangu. Nilimwonyesha mikono. Nilimwambia kuhusu goti. Nilikuwa sijafika kwenye sehemu ya ndugu yangu aliponikatiza.

"Umeamka?" akauliza.

"Nimeamka, Baba, lakini..."

"Mimi pia nimeamka. Twende."

Mama akaja akamvalisha kile kiatu kingine. Nilidhani ni adabu ya mama.

Basi tukaenda. Mahali pangu pako umbali wa kama mita mia tatu, kupita shamba la mtama na kijito kidogo kilichokauka. Mila inasema baba anatangulia na hakuna anayempita. Baba akatangulia, na fimbo yake. Nikafuata mimi. Nyuma yangu mwanangu wa kwanza, aliyetoka chuoni Maseno usiku uliopita, shoka begani na jogoo kwapani. Nyuma yake mke wangu na makaa ya moto kwenye sufuria kuukuu. Nyuma yake ndugu yangu, halafu mafundi kumi na wawili, kila mmoja na nguzo au mabati kichwani, halafu akina mama na masufuria.

Na wote hao walikuwa nyuma ya watu wawili wasioweza kutembea.

Baba alikuwa akipiga hatua, anasimama, anatazama mashamba kana kwamba anakagua mtama. Mimi nilimshukuru kimoyomoyo, nikidhani anasimama kwa ajili yangu, nami nikasimama kwa raha zangu. Kumbe tulisimama mpaka jua likachomoza. Jogoo alichoka kupiga kelele akalala kwapani. Mke wangu alikuwa akipuliza makaa yasizimike, anapuliza na kukohoa na kutaja majina ya mababu zangu. Mafundi wa nyuma waliweka nguzo chini wakafungua chupa ya chai. Mmoja wao, aliyeitwa kutoka mbali na hakuwa akitufahamu, alimuuliza mwenzake kwa heshima nani amefariki.

Tulifika. Baba alichomeka fimbo ardhini akasema, "Hapa." Nilikuwa nimesubiri neno hilo miaka mingi, na nilipolisikia goti likasahaulika kidogo. Tukapewa mtaimbo tuchimbe shimo la kwanza. Baba akaushika, ukainuka hadi magotini, ukashuka. Nikaushika mimi, vidole vikakataa kufunga. Basi tukaushika wote wawili, mikono minne, yeye kwa juu mimi kwa chini kwa viganja, tukauinua na kuuachia, tukauinua na kuuachia. Tulichimba shimo ambalo kuku angelichimba akitafuta mchwa. Watu walipiga vigelegele, maana adabu wanayo. Ndugu yangu akasema inatosha, akachukua mtaimbo, na kwa mapigo sita akafanya shimo la kweli.

Sisi wawili tukaenda kukaa juu ya rundo la mbao. Alikuwa anahema. Nikaona ndio wakati.

"Baba, unisamehe," nikamwambia. "Nimekuchelewesha mara tatu."

Alivua kofia, akapangusa kichwa.

"Ile Desemba ya kwanza," akasema, "sikuweza kuvaa suruali. Miguu ilikuwa imekufa. Nilikuwa nimekaa kitandani nawaza nitakuambia nini. Simu ikalia, ni wewe, unasema huwezi. Nilipoikata nikamwambia mama yako, Mungu ni mwema, mtoto ni mgonjwa."

Sikuelewa nimesikia nini. Nikamuuliza kuhusu Aprili. Aprili pia, akasema. Na Agosti? Agosti alikuwa ameanguka bafuni usiku ule, na simu yangu ilipolia mama aliisogeza sikioni mwake akiwa bado amelala, na ndiyo maana alikata haraka. Lile nililolisikia mara zote tatu kama hasira lilikuwa mtu mzima anashusha pumzi. Na leo? Leo, akasema, alikuwa ameshaamka vibaya tangu saa kumi, anangoja simu yangu kwa hamu. Lakini safari hii nilikuwa nimelala hapo hapo, hakuna simu, na badala yake akaniona ninakuja nikichechemea, akaona aibu kukataa kabla yangu.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mwaka mzima nimekula fedheha. Nimeandika daftari. Nimejichapa na majani. Na huyu mzee alikuwa amelala kitandani akimshukuru Mungu kwa magoti yangu. Nikafungua mdomo nimwambie, kikatoka kicheko. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na mbavu ndizo kiungo pekee kilichokuwa kizima siku ile. Naye akaanza, kile kicheko chake cha puani, mabega yanatikisika.

Ndugu yangu alikuwa amesimama nyuma yetu na nyundo, amesikia yote. Hakucheka.

"Kwa hivyo," akasema, "mimi nimebanana na watoto wanne vyumba viwili mwaka mzima, kwa sababu nyinyi wawili mlikuwa mnaoneana haya?"

Na ndivyo ilivyokuwa. Alinitazama mimi, akamtazama mzee, akarudi kazini. Sijawahi kuona nyumba ikijengwa kwa hasira namna ile. Kufikia saa nane paa lilikuwa juu. Saa kumi na moja jioni alipigilia msumari wa mwisho kwenye mlango kwa nguvu zilizozidi mahitaji ya msumari, na mke wangu akaingiza moto wake, ambao nusu ulikuwa wa kuazima kwa majirani. Nililala mle ndani kama mila inavyotaka. Mikono iliendelea kuvimba siku tano zaidi, na mimi nikiwa mwenye boma.

Baada ya hapo sikuwa tena na hamu ya kuandika kwenye lile daftari. Kurasa zilizobaki mke wangu anaandikia vitu vya sokoni. Shuleni siku hizi nina ratiba mbili za vipindi vyangu, moja nikiamka vizuri na nyingine nikiamka vibaya, na mwalimu wa michezo, yule yule, ndiye anayenishikia darasa. Anasema amezoea kutojua. Mtu akiniuliza kama Ijumaa nitakuwepo, namjibu aniulize Ijumaa. Wengine wanakasirika. Wakasirike tu.

Aprili tulikuwa nyumbani kwa likizo. Mafundi wa ndugu yangu hawakuwa wameitwa, tarehe haikuwa imewekwa. Alikuwa ameagiza mbao na mabati yakae tayari chini ya turubai, basi, na hakuna aliyemuuliza ni lini. Jumanne moja, alfajiri, nikasikia fimbo inagonga lango langu. Baba hawezi kuingia tu nyumbani kwa mkamwana wake, kwa hivyo alisimama nje akaniita. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amevaa viatu vyote viwili.

"Mikono?" akauliza.

"Mikono hakuna, Baba."

"Miguu?"

Nikaijaribu, mmoja, kisha wa pili. "Miguu iko."

"Basi toka. Tunampeleka ndugu yako."

"Leo? Lakini mafundi..."

"Mimi leo nimeamka vizuri," akasema. "Kesho sijui."

Akageuka akaondoka, bila kungoja. Mke wangu alinifunga vifungo vya shati, akaruka viwili, nikatoka mbio mbio. Nilipofika kwenye njia ndugu yangu alikuwa ameshajipanga, simu sikioni akiwaita mafundi, mkewe na makaa, binti yake mkubwa na shoka, na mbele yao wote mzee, fimbo ameiweka begani, anatembea kwa kasi hivi kwamba sote tulilazimika kukimbia kidogo ili tumfikie.